Seli hulinda mwanzo wa ujenzi: nusu ya habari ya protini iliyoachwa

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya kuhusu protini niliisoma yote na mchoro wake nikautazama kwa makini. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi jeni inavyosomwa, jinsi ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, inavyounganisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine, na jinsi mnyororo unaotoka unavyojikunja. Kisha akafunga kwa sentensi moja tu, kwamba baada ya hapo protini hujipanga zenyewe na kuwa miundo ya mwili. Sentensi hiyo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ninachosikitikia ni kwamba makala iliishia pale ambapo habari yenyewe inaanza. Kama protini hujipanga zenyewe, basi nani anazizuia zisijipange saa hii, mahali hapa, zote kwa pamoja?

Nafanya kazi katika maabara ya damu. Wazazi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wanapokuja kuchukua majibu huuliza swali moja kwa namna nyingi: jana mtoto alikuwa anacheza, leo analia kwa maumivu ya mifupa, na damu yake ni ileile aliyozaliwa nayo. Imekuwaje? Mzazi wa namna hiyo akisoma kwamba protini hujipanga zenyewe, hajapata kitu. Jibu lake limo katika ile nusu iliyoachwa, na ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Nianze na protini ninayokutana nayo kila niingiapo kazini, fibrinojeni, ile inayofanya wavu wa kugandisha damu. Hutengenezwa na seli za ini na kumwagwa kwenye damu, gramu 2 hadi 4 katika kila lita. Wingi huo wote unazunguka mwilini usiku na mchana ukiwa majimaji, ilhali kila molekuli ina uwezo kamili wa kushikana na jirani yake na kufanya wavu mgumu. Hazishikani kwa sababu ini limezitoa zikiwa zimefunikwa vishikio vyake kwa vipande vidogo, kimoja cha asidi amino 16 na kingine cha 14, kila kimoja mara mbili. Katika molekuli yenye karibu asidi amino 3000, hivyo vifuniko vyote kwa jumla ni 60 tu. Kimeng'enya kiitwacho thrombini kikivikata, vishikio vinabaki wazi, vinaingia kwenye matundu ya molekuli jirani ambayo muda wote yalikuwa yakisubiri, na uzi unaanza kujisuka. Hakuna tena anayeusukuma.

Hilo tunalipima kwa saa. Damu inafika katika chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, ambayo imeifunga kalsiamu yote ili mgando usianze njiani. Natenganisha plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe, naipasha hadi nyuzi 37, naongeza thromboplastini ya kuanzisha mgando pamoja na kalsiamu, na saa inaanza kuhesabu. Naiinamisha tyubu na kuinua, naiinamisha na kuinua. Kwa sekunde kadhaa hakuna chochote: maji ya njano hafifu yanateleza huku na huku. Halafu, kati ya kuinamisha mara moja na inayofuata, yamesimama. Kwa mtu mzima asiye na tatizo ni sekunde 11 hadi 14 hivi. Karibu muda wote huo umetumika kuitafuta ruhusa, yaani kuitengeneza thrombini. Ruhusa ikishapatikana, wavu wenyewe haukawii.

Kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, hulindwa kwa njia hiyohiyo. Seli huisokota kwa nyuzi tatu na kuiachia mikia pande zote mbili, na mikia hiyo hukatwa wakati kolajeni inatoka au imeshatoka nje ya seli. Isingekuwa na mikia, kamba ngumu za kano na ngozi zingeanza kujijenga ndani ya seli iliyozitengeneza. Na mikia isipokatwa ni balaa vilevile. Kuna ng'ombe na kondoo waliozaliwa bila kimeng'enya cha kukata mkia mmoja, na ngozi zao huchanika kwa kuvutwa kidogo tu. Ugonjwa huo upo hata kwa binadamu, ingawa ni wa nadra sana.

Lakini kukata ni jambo lisilorudi nyuma. Ndani ya seli kuna miundo inayojengwa na kubomolewa tena na tena kwa muda wa dakika, na hapo seli hutumia ujanja mwingine, ambao mimi nauona wa ajabu zaidi.

Protini iitwayo aktini ndiyo mfano ulio wazi. Bruno Straub aliitenga kutoka kwenye misuli mwaka 1942 huko Szeged, Hungaria. Ikiwa peke yake ni kidonge kidogo cha mviringo. Vidonge vikishikana vinakuwa uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi. Mwaka 1962 Fumio Oosawa wa Japani na mwenzake walieleza kwa hesabu kwa nini uzi huo huchelewa kuanza. Aktini mbili zikikutana huachana upesi. Ni mpaka tatu zikutane na kushikana ndipo inayofuata ipate pa kukaa kwa uthabiti, na kuanzia hapo uzi unakimbia. Ni kama kusokota kamba: shida yote ni pale mwanzoni kabla nyuzi hazijakamatana, zikishakamatana mkono unateleza wenyewe.

Seli imeukamata udhaifu huo wa mwanzo na kuufanya usukani wake. Kwanza, imehifadhi aktini nyingi mno, zaidi ya mara mia ya kiwango kinachotosha kufanya nyuzi ndani ya tyubu ya maabara, na bado haigandi. Protini ndogo ziitwazo thaimosini na profilini zimeishikilia vidonge kwa vidonge. Pili, seli ina vianzishi vyake. Kimojawapo ni Arp2/3, mkusanyiko wa protini saba uliotengwa mwaka 1994 na Laura Machesky, Thomas Pollard na wenzao kutoka kwenye amiba aitwaye Acanthamoeba. Mbili kati ya hizo saba zinafanana na aktini. Zinapokaa pamoja ubavuni mwa uzi wa zamani, aktini inayopita inakuta pa kushikia, na tawi linachipuka kwa pembe ya digrii 70 hivi. Ila Arp2/3 nayo hulala mpaka iamshwe na protini zilizoko kwenye utando wa seli, pale hasa ambapo ishara imefika. Kwa hiyo seli haiamrishi aktini ijengeke. Inachagua mahali na wakati ambapo mwanzo utaruhusiwa, basi. Baadaye kuna protini za kuziba ncha ili uzi usirefuke kupita kiasi, na kofilini ya kuzikatakata nyuzi kuukuu ili vidonge virudi akiba.

Anayetaka kujua kwamba ruhusa ndiyo kila kitu, amtazame bakteria Listeria. Akishaingia ndani ya seli ya mtu, hana aktini yake. Alichobeba mgongoni ni protini moja, ActA, inayoiamsha Arp2/3 kwa udanganyifu. Aktini ya mwenye nyumba inajijenga nyuma yake kwa kasi, inakuwa mkia, na mkia huo unamsukuma hadi anapenya kwenye seli ya jirani bila hata kutoka nje.

Kwetu sisi wa damu, aktini tunaiona kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Chembe sahani iliyotulia ni bapa na nyororo. Ikigusa kolajeni ya mshipa uliochanika, kwa muda wa chini ya dakika inaviringika na kutoa miiba mirefu, na miiba hiyo ni aktini iliyokuwa akiba na sasa imeruhusiwa. Ule ubapa wa awali nao hushikiliwa na pete ya mikrotubuli pembezoni, mirija myembamba ya protini iitwayo tubulini. Mikrotubuli haipendi baridi, huyeyuka. Chembe sahani zikiwekwa kwenye jokofu hupoteza ubapa wake, na zikitiwa kwa mgonjwa mwili huziondoa upesi. Ndiyo maana, kwa kawaida, mifuko ya chembe sahani hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 ikitikiswa polepole, wakati mifuko ya chembe nyekundu iko kwenye baridi.

Tukishagusa mikrotubuli, nisiache kusema juu ya kubomoa, maana kwenye makala yenu kubomoa hakukutajwa kabisa. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba ndani ya tone moja la majimaji, mirija mingine hurefuka taratibu huku mingine iliyo kando yake ikiporomoka ghafla. Kila tubulini inayojiunga imebeba GTP, molekuli ndogo yenye nguvu, na baada ya kujiunga GTP hiyo huvunjwa. Ncha yenye GTP bado nzima hushikilia mrija wote. Ikipotea, mrija unafumuka kuanzia nchani. Mtu anaweza kudhani huo ni upotevu wa nguvu. Seli inayogawanyika inautegemea. Mirija inatoka kwenye vituo vyake, inapapasa, inakosa, inaporomoka, inatoka tena, hadi kila kromosomu imekamatwa pande zote mbili. Ushahidi wake uko kwenye dawa za saratani. Vinkristini huzuia tubulini isijijenge. Paklitaxeli, ambayo Susan Horwitz na wenzake walieleza kazi yake mwaka 1979, hufanya kinyume kabisa, huishikilia mirija isibomoke. Dawa hizo mbili zinakwenda pande zisizoonana, na zote mbili huisimamisha seli katikati ya kugawanyika. Hilo naliona ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa biolojia angepaswa kusimuliwa kabla hajakariri orodha ya sehemu za seli.

Kuna pia protini walezi. Christian Anfinsen alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba mfuatano wa asidi amino unatosha kuielekeza protini umbo lake. Lakini kwenye tyubu protini huwa chache na zimeachana mbali. Ndani ya seli kuna gramu 300 hivi za protini kwa lita, zimebanana, na mnyororo uliojikunja nusu unaweza kunasa kwenye mnyororo mwingine. Walezi huukinga. Wengine, kama GroEL ya bakteria, huufungia ndani ya chumba chenye mfuniko mpaka ujikunje salama. Himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, nayo ina mlezi wake, AHSP, anayeshika mnyororo wa alfa usigande kabla haujakutana na wa beta.

Na hapo narudi kwa wale wazazi.

Chembe nyekundu imejaa himoglobini kwa msongamano ambao hata leo unanishangaza: gramu 33 hivi katika kila mililita 100 za chembe, molekuli kama milioni 270 katika chembe moja. Bado zinateleza, hazinatani. James Herrick wa Chicago alieleza chembe zenye umbo la mundu mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 wakaonyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini. Vernon Ingram, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1956 na 1957, akaipata kasoro yenyewe: asidi amino moja kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, pamekaa valini badala ya asidi glutamiki. Valini hukimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo kidogo, na valini ya molekuli moja inapata mfuko wa kuingia kwenye molekuli jirani. Kutoka hapo zinajipanga kuwa uzi wa safu 14, na ubavuni mwa uzi wa kwanza huchipuka nyuzi nyingine, na nyingine tena. Chembe inakakamaa.

Angalieni kwamba hapa hakuna kifuniko cha kukatwa, hakuna profilini, hakuna kianzishi cha kungoja ishara. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu, kwa hiyo haiwezi hata kutengeneza mlezi mpya. Kilichobaki kumlinda mtoto ni kitu kimoja: ule ugumu wa kuanza.

Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton wa Marekani walipima muda huo. Himoglobini ya selimundu ikishanyimwa oksijeni hukaa kwanza bila kufanya lolote, kisha hujisuka ghafla. Urefu wa kukaa huko hutegemea msongamano kwa namna ya kutisha, kwa kipeo cha 30 hivi. Kwa kipeo hicho, msongamano ukipanda kwa asilimia 10 tu, ule muda wa kungoja unapungua mara 17. Sasa pigeni picha ya chembe inayopita kwenye mshipa mwembamba kuliko yote. Inaachia oksijeni, ina sekunde moja au chache za kupita, kisha inarudi mapafuni, inapata oksijeni, na nyuzi kama zipo zinayeyuka. Chembe nyingi huponea hapo. Zimepita kabla mwanzo haujapatikana.

Basi jibu la mzazi ni hili. Jana chembe za mtoto zilipita kwa wakati. Leo ana homa, amepoteza maji, chembe zimekauka kidogo na himoglobini imesongamana zaidi, au mshipa una uvimbe na damu inakwenda pole. Muda wa kungoja umefupika, muda wa kupita umerefuka, na uzi wa kwanza umepata nafasi. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni sekunde.

Kwenye slaidi hilo linaonekana kwa jicho. Naweka tone la damu, tone la sodiamu metabaisulfaiti ya asilimia 2 ya kunyonya oksijeni, nafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo zote kwa nta hewa isipenye. Nikitazama hadubini palepale, chembe ni za mviringo, zote. Baada ya nusu saa hivi, moja imechongoka upande mmoja, ile ya pembeni yake imejikunja, na kadiri ninavyoisogeza slaidi ndivyo ninavyoziona zaidi. Mbebaji, yule mwenye jeni moja tu na asiye mgonjwa, naye chembe zake hujikunja kwenye slaidi hiyo, na ndiyo maana kipimo hiki peke yake hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Wengi hushangaa. Sababu ni kwamba kwenye slaidi tumezilazimisha zisubiri bila oksijeni kupita muda wake wote wa kungoja. Mwilini mwa mbebaji muda huo ni mrefu mno, kwa sababu himoglobini ya kawaida imechanganyika na ile nyingine, na kwa kawaida chembe imeshafika mapafuni zamani.

Dawa ya haidroksiyurea nayo inaeleweka kwa hesabu hiyohiyo. Janet Watson aliandika mwaka 1948 kwamba watoto wachanga wenye selimundu huwa na dalili chache, akahisi himoglobini ya kichanga inawakinga. Haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998, huiongeza himoglobini hiyo ya kichanga, ambayo haiingii kwenye uzi. Chembe huwa kubwa na zenye maji zaidi pia. Haiondoi kasoro. Inaurefusha muda wa kungoja, na kwa mtoto mwenye selimundu muda huo ndio unaoamua kama atakwenda shule au atalazwa.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu aandike sehemu ya pili. Kwenye mchoro ule wa awali, kati ya protini iliyojikunja na muundo uliokamilika kuna mshale mmoja mfupi. Naomba mshale huo upanuliwe uwe mchoro kamili: protini zilizozuiwa, zile mbili au tatu zinazokutana na kuachana, kianzishi kilichokaa mahali pake, uzi unaorefuka, na mshale mwingine wa kurudi unaoonyesha kubomolewa. Kando yake pawekwe mistari michache kwa wazazi kuhusu maji, homa, na kuwahi kituo cha afya kabla maumivu hayajakomaa, pamoja na sababu yake, ili wasidhani wanaambiwa kunywa maji kwa kuwa daktari hana la kusema. Mkiuchora upya, nitumieni nakala kabla haujaenda mitamboni, nitausoma siku hiyohiyo na kuurudisha.

Wenu,
Mtaalamu wa maabara ya damu